Msimfuate Ng'ombe Mwenye Kiu

Vijana, ile kona ya juu karibu na mkuyu mkubwa imekatwa tena. Nimepita pale juzi kwa miguu yangu hii ya mstaafu, nikakuta kijia kipya, chembamba kama mkia wa panya, kimechoma katikati ya majani kutoka kona ya juu hadi kona ya chini. Msiniambie ni nyani. Nyani hatupi kopo la soda. Ni wageni wenu, na mbele yao alikuwa mmoja wenu, kavaa fulana iliyoandikwa "Mwongozaji" mgongoni, anawaambia, "Piteni hapa, ni karibu."

Karibu na nini? Mtu katoka Mwanza kuja kutembea msituni, wewe unamfupishia matembezi. Ni sawa na mpishi anayekusaidia kula.

Nimesema kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naandika. Mkikata kona, maji ya mvua yanafuata hapo hapo mlipokata. Maji yakifuata, njia inakufa. Njia ikifa, wageni watarudi kupita kule wanakogongana na ng'ombe wa Mama Nyanjura. Na hilo likitokea tena, yule mama atafungiwa njia ya kwenda ziwani, hatakuwa na mahali pa kunyweshea. Nusura limkute. Waliokuwepo wanajua. Ninyi mlioajiriwa juzi mnahadithiwa kinyume, nasikia mnaambiwa eti tatizo lilikuwa ng'ombe. Tatizo halikuwa ng'ombe.

Kwanza mnijue, maana naona wengine mnanisalimia kama mzee aliyepotea njia ya kwenda mnadani. Mimi nilizaliwa vilimani huku Butiama, nikachunga ng'ombe wa baba mpaka nyayo zikawa ngumu kama kwato. Sikusomeshwa na mjomba mwenye cheo. Niliondoka nikiwa na shati moja, nikabeba mizigo ya watalii mlimani Kilimanjaro, nikajisomesha mwenyewe jioni jioni, nikapata diploma ya uhifadhi. Diploma kamili, siyo cheti cha semina ya siku mbili yenye chai na maandazi. Ipo sebuleni kwangu Bweri, juu ya televisheni, mgeni akiingia anaiona kabla hajaniona mimi. Nimejenga njia za miguu kwenye milima ambayo ninyi mnaionaga kwenye kalenda. Nikarudi nyumbani kwa hiari yangu, nikiwa na meno yangu yote, wakati wenzangu walikuwa wanarudishwa wakiwa wagonjwa. Hifadhi hii ya msitu ilipoanzishwa hapa ufukweni upande wa Mugango, mtu aliyejua njia inakatwaje alikuwa mmoja tu. Mnajua nani. Kijijini wananiita Mzee Diploma. Wengine wanadhani wananitania. Waendelee.

Sasa habari ya maji, kwa sababu ndiyo ya kwanza na ndiyo hamtaki kuielewa.

Kule mlimani msimamizi wetu alikuwa Bi Anjela, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya bonde. Siku moja tulimaliza kipande cha njia, mimi na mwenzangu, kizuri, kimenyooka, tumekifagia mpaka kinang'aa. Tukasimama tusifiwe. Bi Anjela alitupita tu. Alibeba dumu la maji, akapanda nalo hadi juu, akalimimina lote taratibu katikati ya njia, kisha akaketi kwenye jiwe, akakunja miguu.

"Tazameni," akasema.

Yale maji yakakimbia na njia yetu kama mtoto aliyetumwa dukani. Hayakutoka pembeni hata kidogo. Yalipofika chini yalikuwa mekundu kwa udongo wetu.

"Mmejenga mto," akasema Bi Anjela. "Haya, mto umekamilika. Sasa nijengeeni njia."

Mwenzangu alinuna wiki nzima. Mimi sikununa, mimi nilijifunza, ndiyo maana leo mnasoma maandishi yangu na si yake. Njia ya mlimani inapaswa kuinama kidogo kuelekea bondeni, kidogo tu, mguu wa mtu usione lakini maji yaone. Na kila baada ya mwendo fulani unalaza safu ya mawe mshazari, kuikata njia, ili maji yakija kwa haraka yagonge pale yatoke nje kwa mtaro. Yale mawe ninyi mnayaita "ngazi zilizolala vibaya." Mmoja wenu alinyoosha mawili akidhani ananisaidia. Nilipomuuliza akanijibu, "Mzee, wageni wanajikwaa." Wajikwae! Mgeni akijikwaa anasema pole anaendelea. Njia ikichimbika haisemi pole.

Jambo la pili ni kiboko. Hili nalisema kwa kifupi kwa sababu likikushinda hutakuwa na muda wa kusoma la tatu. Ukishuka karibu na maji ukakuta njia pana, safi, majani yamelala vizuri, kabla hujafurahi tazama katikati yake. Kama kuna mifereji miwili na tuta la nyasi katikati, hiyo si njia ya mtu wala ya ng'ombe. Kiboko ana tumbo pana, miguu yake ya kushoto inakwenda na mfereji wake na ya kulia na wake. Mwaka fulani mwongozaji mmoja, hayupo tena hapa, anauza simu Bunda, alipeleka kundi la wanakwaya kwenye njia kama hiyo, akawapanga wapige picha. Nikawaita kwa mbali kwa upole, maana kupiga kelele pale si akili.

"Mzee, subiri, tunamalizia pozi!" akanijibu.

"Mwenye njia anarudi saa hizi," nikamwambia. "Malizieni pozi na yeye."

Walipanda kile kilima kwa kasi ambayo hata Kilimanjaro sikuiona. Sauti ya kwanza ilitangulia, besi wakafuata.

Haya, turudi kwa Mama Nyanjura.

Mama Nyanjura ni mjane, nyumba yake ipo nyuma ya lango letu la juu, pale mgongoni mwa kilima. Marehemu mumewe tulichunga pamoja, kwa hiyo ananiita shemeji, na kwa kuwa ananiita shemeji anajipa ruhusa ya kunisema anavyotaka. Ana ng'ombe wachache ambao anawajua kwa majina na kwa tabia. Msitu ulipofanywa hifadhi, kijiji kilikubaliana na ofisi kwamba ng'ombe wa pale juu wataachiwa ushoroba mmoja wa kupita hadi ziwani, upande wa kushoto wa korongo. Kwingine kote ufukweni ni bustani za nyanya na vitunguu, zimezungushiwa uzio. Ukifungiwa ushoroba huo, maji yanayofuata ni ya kuzunguka upande wa Bukima, mwendo ambao ng'ombe anakunywa halafu anafika nyumbani na kiu ile ile. Na goti la Mama Nyanjura halifiki huko. Kufunga ushoroba ni kumwambia auze.

Mhifadhi wetu mpya, mama mmoja kutoka mikoa ya kusini, mkali lakini mwenye kusikia, alipofika alikuta makubaliano hayo akayakunjia uso. Alisema mbele ya watu wote, "Ng'ombe watapita. Ila siku mgeni akiumizwa na ng'ombe, nafunga." Kila mtu alisikia. Mama Nyanjura alisikia zaidi.

Sasa sikilizeni mambo ya Masatu.

Masatu mnamfahamu, ndiye huyo mrefu anayetembea kama amebanwa na viatu. Kijana mzuri, mchapakazi, kichwa kigumu. Wakati wa kiangazi aliagizwa akate njia ya wageni kutoka lango la juu hadi ufukweni, kwa sababu walikuwa wanakuja walimu kutoka Bunda na wageni waliokuwa wakija zamani walipitia barabara ya gari, kitu cha aibu kwa hifadhi. Mimi nilikwisha kumpigia mambo, vile vijiti vya kuonyesha njia ipite wapi, upande wa kulia wa korongo. Nikaenda Musoma kung'olewa jino. Jino moja tu, vijana. Niligeuza kisogo jino moja tu.

Masatu alitazama mambo yangu yanavyozunguka huku na huku, akatazama ng'ambo ya korongo, akaona njia ya ng'ombe. Pana. Safi. Imekanyagwa ikakanyagika. Inakwenda moja kwa moja hadi majini. Akajiambia, kazi imekwisha kufanywa, ng'ombe hakosei.

Hapo ndipo nashika kichwa. Mtu wa Dar es Salaam asingefanya kosa hilo, yeye ng'ombe anamjulia buchani. Kosa hili ni letu sisi watu wa Mara, tuliolelewa tukiambiwa ukipotea porini fuata njia ya ng'ombe. Ni kweli, ng'ombe anajua njia. Lakini ng'ombe ana njia mbili, na mchungaji yeyote aliyekuwa macho kazini anazijua. Ng'ombe anayekwenda kunywa ana kiu, tumbo tupu, miguu myepesi. Amesikia harufu ya ziwa. Anashuka wima, hazunguki jiwe, hangojei mwenzake. Ng'ombe anayetoka kunywa amebeba ziwa tumboni. Huyo hana haraka na mtu. Anapanda kwa kuzunguka, anatafuta mteremko mwororo, anapumzika kwenye kona. Ukitaka kujua njia nzuri ya kupanda kilima, kaa alasiri utazame ng'ombe aliyeshiba maji. Njia yake ya asubuhi muachie mwenyewe. Nilipofika chuoni, mwalimu alichora ubaoni mteremko unaofaa kwa binadamu kutembea bila kuchoka. Nikanyoosha mkono nikasema, "Huo ni wa ng'ombe wa jioni." Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alama nilipata.

Masatu akachukua njia ya asubuhi. Akaifagia, akafunga vitambaa vyekundu kwenye miti, akapiga picha akamtumia Mhifadhi. Njia imekamilika, haraka kuliko ilivyotarajiwa! Nikiwa Musoma na shavu limevimba napokea pongezi za watu.

Walimu wakaja. Wakashuka mapema kabla jua halijawa kali, wakakaa ufukweni, wakala samaki, wakapiga picha kisiwa cha Rukuba kwa mbali. Kisha wakaanza kupanda kurudi, wakati ule ule ambao ng'ombe wa Mama Nyanjura walikuwa wanashuka. Wakakutana pale penye mawe mawili makubwa, ambapo nafasi inatosha ng'ombe mmoja na imani yake.

Bhoke, yule mwongozaji wa kike kutoka upande wa Tarime, ndiye aliyekuwa mbele. Alisikia kwato akajua. Alipiga kelele, "Pandeni juu ya mawe! Acheni mabegi!" Kama si yeye tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Mwalimu mmoja mnene alipanda mkuyu ambao mimi nikiwa kijana nisingeupanda. Mwalimu mwingine, dada mwembamba, aliteleza kwenye jiwe akachubuka kiwiko na goti. Ng'ombe hawakumgusa. Walipita wakaenda kunywa, ndicho walichokuwa wanataka tangu mwanzo. Lakini mtu mmoja alikuwa na simu, na kwenye simu unaona pembe, vumbi, na mtu analia. Kabla ya mchana Mhifadhi alikuwa ameiona video hiyo. Kabla ya jioni mji mzima wa Musoma ulikuwa umeiona, na mimi nilionyeshwa na yule aliyening'oa jino.

Kesho yake nilikuwa ofisini. Mama Nyanjura alikwisha kufika, kasimama mlangoni na fimbo yake, hataki kukaa.

"Shemeji Diploma," akaniambia kabla sijasalimia, "hiyo diploma yako inanyweshaga ng'ombe?"

"Shikamoo kwanza ya mdogo wako, shemeji."

"Marahaba. Inanywesha?"

"Njia haijafungwa bado. Nitazungumza."

"Zungumza basi. Ng'ombe zangu hazili mazungumzo."

Mhifadhi alikuwa amekwisha kuamua. Aliniambia ushoroba utafungwa kwa miiba na lango kuanzia Jumatatu. Nikamwambia kosa ni letu, wageni ndio waliopelekwa kwenye njia ya ng'ombe, siyo ng'ombe waliokwenda kwenye njia ya wageni.

"Mzee, sibishi," akasema. "Lakini mimi siwezi kusimama mbele ya wakubwa nikasema mwalimu wa watu amelala chini ya kwato kwa sababu ya kosa la vitambaa. Ng'ombe wakiwepo, hatari ipo."

"Ng'ombe wana saa zao na njia zao. Njoo alasiri hii nikuonyeshe."

Alikuja, hilo nampa. Tukasimama kwenye lango. Ng'ombe walikuwa wanapanda kutoka ziwani, mmoja nyuma ya mwenzake, wanazunguka kona kwa kona, matumbo yanacheza. Mama Nyanjura nyuma yao anachechemea, anamwita mmoja mvivu kwa jina la mama mkwe wake. Nikamwonyesha Mhifadhi njia mbili, ya kushuka na ya kupanda, zote upande wa kushoto. Nikamwonyesha upande wa kulia ulivyo mtupu, na mambo yangu yaliyobaki yamesimama kama watu walioachwa na basi. Nikamwambia njia ya wageni ikipita kule, ng'ombe na mtu hawatakutana tena, korongo lipo katikati yao.

Akavitazama vile vijiti. "Ijengwe basi," akasema. "Ikiwa tayari na imara kabla mvua hazijaanza, ng'ombe wanabaki. Isipokuwa tayari, nafunga, na usije kuniambia habari ya ng'ombe wa jioni."

Basi tukajenga. Mimi mstaafu, na shavu langu, na Masatu na Bhoke na vibarua wa kijijini. Na hapo ndipo nilipoijua kazi ya kuwafundisha ninyi ilivyo.

Bhoke, ambaye kwao baba ni tata, alikuja na simu. "Tata, ramani inasema hapa ni tambarare."

"Hiyo simu imewahi kupanda hapa na ndoo kichwani?"

"Tata, ni satelaiti."

"Na ipande basi hiyo satelaiti. Wewe simama pale."

Nikamfundisha kupima kwa macho, jambo ambalo halihitaji betri. Mwenzako mnayelingana urefu anatangulia kupanda hatua kadhaa, anageuka anakutazama. Wewe unatazama mbele sawasawa, bila kuinua kidevu. Macho yako yakiangukia kifuani kwake, mteremko ni mwema, endelea. Yakiangukia kwenye mkanda wake, mmezidisha, rudini mzunguke. Bhoke alishika siku hiyo hiyo. Masatu alisema ni mrefu mno, hapati wa kulingana naye. Nikamwambia akunje magoti. Kijiji kizima kilicheka, akakunja magoti, na vipimo vikatoka sawa. Nawaambia siri, yeye ndiye aliyepima kile kipande kizuri kuliko vyote, pale njia inapopita chini ya mawe ya pimbi. Sijamwambia. Akisoma hapa, asivimbe.

Penye jiwe kubwa kuna kona ambayo Masatu aliilia. "Mzee, tukate tu hapa katikati, tuweke ngazi. Kona ya nini?"

"Mvua itakuuliza hivyo hivyo. Utaijibu nini?"

"Nitaijibu niliambiwa na Mzee."

"Hapana. Umeambiwa uzunguke."

Akazunguka, huku akinung'unika kwa lugha ya nyumbani akidhani siisikii. Naisikia.

Mama Nyanjura alikuwa anakuja kutukagua kila akitoka kunywesha. Alikuwa anajua kabisa tunajengea nini, ndiyo maana alikuwa hakai kimya. Anasimama ng'ambo ya korongo anapiga kelele: "Shemeji! Hiyo njia inapindapinda kama ulevi! Nani atapita hapo?" Kisha anatuletea uji. Kisha anarudi kutusema. Siku moja aliteremka mwenyewe na goti lake, akashika jiwe la kulaza mshazari, akaliweka mahali pake, akalikanyaga kwa mguu mzima kuona kama linacheza. Halikucheza. Akasema, "Hili litakaa." Akaondoka. Hakusema kitu kingine siku hiyo, nami nikajua anaogopa.

Mawingu yalipoanza kujikusanya juu ya ziwa, tulikuwa hatujamaliza kipande cha chini. Vibarua wakataka kwenda mashambani kwao, na walikuwa na haki. Tukabaki sisi watatu na mtaimbo mmoja uliopinda. Tulibeba mawe kwa mikono mpaka Bhoke akasema kesho anaenda kuolewa na mtu yeyote atakayekuja, mradi hana mawe. Jioni ya mwisho nilipanda na dumu la maji hadi juu ya kipande chetu, nikalimimina. Masatu akashika kichwa, maana alijua nikitikisa kichwa tu tunaanza upya. Maji yakashuka kidogo, yakagonga safu ya kwanza ya mawe, yakageuka, yakaenda msituni kama mtu mwenye shughuli zake. Masatu akalala chali kwenye majani.

Mvua kubwa ya kwanza ilipiga kabla hatujapumzika vizuri. Mhifadhi alikuja asubuhi yake akiwa na mabuti, akaikagua njia kutoka juu hadi chini. Ilikuwa kavu kuliko ua wa ofisi yake. Hilo si mimi ninayesema, alisema mwenyewe. Ila akaongeza, "Tuone wageni." Lango halikuwekwa, wala halikufutwa. Miiba ilikuwa bado imelundikwa pale nyuma ya ofisi.

Wageni wa kwanza walikuwa kundi la vijana wa mjini Musoma, wenye viatu vyeupe na spika ndogo inayoimba. Mhifadhi alikuja nao. Mimi nilikuwa nimevaa shati langu la heshima, nimejiandaa kueleza mteremko, mtaro, mawe, ile kona. Niliwasimamisha kwenye safu ya kwanza ya mawe nikaanza. Wakasikiliza kama watu wanaosubiri foleni. Tukashuka vizuri, hakuna aliyeteleza, hakuna aliyechoka, na hakuna aliyejua kwa nini hajachoka. Hiyo ndiyo shida ya kazi yetu: ukiifanya vizuri haionekani.

Tulipofika karibu na maji, pale penye lile jiwe bapa linalotazama ghuba, tukasikia kengele za shingoni. Ng'ambo ya korongo ng'ombe walikuwa wanashuka, wima, vumbi limewazunguka, wenye kiu yao. Nikamtazama Mhifadhi, nikaona uso umekaza. Nikajiambia, kwisha.

Wale vijana wakazima spika yao. Wakakaa wote kwenye lile jiwe, wameninginiza miguu, kwa usalama kabisa, korongo lipo katikati. Ng'ombe wakaingia majini hadi magotini. Mmoja wa wageni, binti mdogo mdogo, akauliza kwa sauti ya kanisani, "Wanakujaga kila siku?"

"Kila siku," Bhoke akajibu.

"Basi sisi tutarudi."

Hakuna aliyeuliza njia imejengwa na nani. Nilikuwa nimesimama pale, shati la heshima, wananizunguka kupata nafasi ya kupiga picha ng'ombe. Kilima kizima nimekichonga kwa jasho, mapinduzi ya mteremko, halafu watu wamekuja kutazama ng'ombe anayekunywa maji, kitu ambacho mimi nilikikimbia nikiwa na shati moja!

Mhifadhi akacheka mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu ahamie huku. Akamwita Masatu. "Ile miiba nyuma ya ofisi," akasema, "ipeleke kwa mtu mwenye zizi."

Ng'ambo, Mama Nyanjura alikuwa ameona watu wamejaa kwenye jiwe wanamtazama. Hakujua bado kilichosemwa. Akawanyooshea fimbo, akapaza sauti: "Nyie! Kaeni hapo hapo juu! Msishuke! Bado ana kiu huyu!"

Wakakaa hapo hapo juu, wote, pamoja na Mhifadhi. Nami nilipaza sauti nikamwambia habari, lakini upepo wa ziwa ulikuwa unakuja upande wangu, na yeye alikuwa amekwisha kugeuka kuwaangalia ng'ombe wake. Ilibidi Bhoke avuke korongo akamwambie. Niliona kwa mbali Bhoke anazungumza. Niliona yule mama anakaa chini mchangani, taratibu, kwa lile goti, anaweka fimbo pembeni, na ng'ombe wanaendelea kunywa.

Masatu akaniuliza kama tumemaliza kazi. Nikamwambia kuna majani yamejaa kwenye mtaro wa pili, achukue beleshi.